Bakuli la Matobolwa Ukutani

Wadogo zangu, asanteni kwa kanga na masufuria mliyonipa siku ya kuniaga. Mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na ninajua anachokitaka: maandalio ya somo, nidhamu, kuwahi kipindi cha kwanza. Hayo mmeshayasikia mpaka mmechoka. Madaraja na mishahara nayo siyagusi, maana hayo mnayazungumza ofisini kutwa nzima bila msaada wangu. Mimi nitawaandikia habari za ukuta.

Ni ule ukuta wa ghala la zamani la pamba mnaoupita kila asubuhi mkija shuleni, wenye wanawake waliokaa chini wakichambua pamba. Mnapiga nao picha za simu na hamjui ni akina nani. Kila mwalimu mgeni huniuliza nani aliuchora, nami humjibu kwa kifupi kwamba ni mwalimu mmoja wa zamani, kisha nageuza mazungumzo. Si kwamba naficha. Nikianza kumsema huwa nashindwa kumaliza, na kengele ya kipindi haimsubiri mtu.

Nilifika Bariadi nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, nikiwa na begi moja na godoro lililofungwa kamba ya katani. Mwalimu mkuu wa wakati huo alinipokea vizuri, akanipa Hisabati ya darasa la tatu. Kisha akatazama ratiba, akawatazama walimu wenzangu ambao ghafla wote walikuwa wameinamia madaftari, akaniongezea na Kazi za Mikono. Hakuna aliyelitaka somo lile. Vifaa havikuwepo, kwa hiyo kila wiki watoto walitengeneza mifagio. Shule yetu ilikuwa na mifagio mingi kuliko wanafunzi, na bado uwanja ulikuwa mchafu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu alitoka Lalago kuja kunisaidia kulea. Alikuja kwa msimu mmoja, akakaa mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa pamba, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu na bei za sokoni, na alikuwa na taratibu zake ambazo hata mwenyekiti wa kijiji hakuthubutu kuzivuka. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita mayu, yaani mama, hata wale waliomzidi umri.

Basi zikaja enzi za ruksa. Sukari na sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa mnadani, na wageni nao wakaanza kuonekana. Mmoja wao alishushwa pale shuleni na pikapu ya parokia, akiwa na sanduku la mbao alilokataa kupokewa na mtu yeyote. Aliitwa Eulalia. Kwao ni Meksiko, na huko alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora. Alikuja kujitolea, na parokia, isijue la kufanya na mchoraji, ikamleta kwetu. Mwalimu mkuu naye, asijue la kufanya naye, akamleta kwangu na kwenye mifagio yangu.

Watoto walimkimbilia wakiimba "mzungu, mzungu". Akawaambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba yeye si mzungu, babu zake walikuwa wakilima mahindi kabla mzungu yeyote hajafika kwao. Watoto wakaitazama ile rangi yake ya maji ya kunde, wakautazama ule msuko mmoja mweusi ulioteremka mgongoni, wakashauriana, wakaendelea kumwita mzungu ila kwa mashaka.

Jioni ya siku ile nilimpeleka nyumbani kumsalimia mama. Mama akatoa alichokuwa nacho, bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu vya kutafuna. Akamsogezea mgeni. Mgeni akatabasamu vizuri kabisa, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mama alilirudisha bakuli kifuani. Hakugomba. Alibana midomo, akautazama ule mkono na wala si uso wa mwenye mkono, akasubiri. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mama akaniambia kwa Kisukuma nimuulize mgeni wetu kama mkono wake mwingine unauma. Nikatafsiri huku najing'ata ulimi. Eulalia akaiva uso, akatoa wa kulia, na bakuli likaja.

Mngedhani amejifunza. Wiki iliyofuata alikuja, akatoa wa kushoto. Alikuwa wa kushoto tangu kuzaliwa, alikula nao, alichora nao, na akili ilikuwa inachelewa kufika. Mama akavuta bakuli, akabana midomo, akasubiri. Basi ikawa hivyo kila alipokuja, na alikuja mara nyingi, maana chumba alichopewa na parokia kilikuwa kimya mno kwake. Baada ya muda nikaanza kushuku kwamba anakosea makusudi. Hawa watu wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, kila walichoambiana kilipitia kwangu, lakini jambo hilo moja walilifanya wenyewe na hawakuhitaji mkalimani. Kabla ya mavuno mama alishampa jina la dada yake marehemu, Minza, na kuanzia hapo hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyehangaika tena na Eulalia.

Shuleni alikuwa na mambo yake. Aliulizia kwanza rangi, nikamwambia hakuna. Akauliza mnapaka nini kuta za nyumba, nikamwonyesha. Kesho yake tulikuwa tunatembea na watoto na madebe tukichota udongo. Mwekundu wa kichuguu, wa manjano wa kingo za mto, masizi ya masufuria kwa rangi nyeusi, bluu ya kufulia nguo kwa rangi ya anga. Ule udongo mweusi wa mbugani aliutamani sana, lakini ukikauka unageuka kijivu, akauacha kwa huzuni. Brashi tulitengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe, na watoto wa wafugaji kwa mara ya kwanza wakawa watu wa maana darasani kuliko watoto wa karani.

Siku tuliyopita kwenye uzio wa mipungate nyuma ya zahanati, alisimama akaweka debe chini. Machozi yakamtoka. Akasema mmea huo kwao uko kila mahali na hakujua kama ungekuwepo huku. Kisha akatoa kisu, akakata majani machanga, akayatoa miiba, akaenda kuyakaanga na vitunguu. Habari ikaenea mjini kwamba mgeni wa parokia ana njaa kiasi kwamba anakula uzio. Mpaka Jumapili alikuwa ameletewa mahindi, dengu na jogoo.

Majani makubwa ya mpungate aliyakatakata na kuyaloweka, yakatoa ute. Ute huo ndio aliochanganya na chokaa. Chokaa yenyewe aliiloweka kwenye pipa, akalifukia nusu ardhini, akakataza mtu asiliguse mpaka mvua zipite. Ukishapiga lipu ya chokaa, alituambia, unachora ikiwa bado mbichi, kipande unachoweza kukimaliza kwa siku, kwa sababu rangi inaingia ndani na kuwa ukuta wenyewe. Na ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka rangi ya mafuta utaitema. Haya niliyaandika ubaoni, watoto wakayanakili bila kujua kama yatakuja kwenye mtihani. Hayakuja.

Kati ya watoto hao alikuwepo Doto, pacha wa Kulwa, msichana wa darasa la tano. Naye alikuwa wa kushoto. Mnajua desturi yetu ya siku zile: mtoto wa kushoto anachapwa vidole, akizidi anafungwa mkono kwa kitambaa mpaka aandike kwa kulia. Doto alikuwa na mwandiko wa kuku na kitambaa chake hakikumtoka mkononi. Eulalia alipokiona alimfungua mwenyewe mbele ya mwalimu wa darasa. Ukazuka mtafaruku, mwalimu mkuu akaitwa. Eulalia hakubishana. Alichukua chaki kwa mkono wa kushoto, akamchora mwalimu mkuu ubaoni, na tumbo lake, na miwani yake iliyofungwa uzi, na lile tabasamu ambalo alidhani hatulijui. Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu akajitazama muda mrefu.

"Mkono huu ndio unaonilisha," Eulalia akamwambia.

Mwalimu mkuu akasema pale ubaoni pasifutwe, na kitambaa kisirudi. Nilipomsimulia mama jioni, nilidhani atakasirika kwa ajili ya mila. Alifikiri kwanza. Akasema kuchora ni kuchora na kupokea chakula ni kupokea chakula. Minza achore nao mpaka uchoke, lakini matobolwa yake hatapokea nao. Jambo hilo likaishia hapo, na sijasikia hukumu bora zaidi kwenye kikao chochote cha walimu.

Msidhani yote yalikwenda sawa. Ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa darasa la sita, akachora nyoka mkubwa mwenye manyoya ya kijani, kama wanavyomchora kwao. Asubuhi yake tukawakuta wazee wa Bayeye, wale wachezaji wa ngoma ya nyoka, wamekaa kwa adabu kwenye ngazi za ofisi. Walitaka kujua mwalimu huyu mgeni amefundwa na nani, maana wao hawana habari ya kuingizwa kwake, na je, shule sasa iko upande wao? Kabla hawajajibiwa akafika mchungaji akitaka nyoka afutwe kabla ya ibada. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyemzaa nyoka. Eulalia aliposikia shauri lote, akachukua brashi, akamwongezea nyoka miguu minne. Akawa kenge. Wazee wakaenda zao, mchungaji akaenda zake, na kesi ya kenge hakuna aliyekuja kuidai.

Katibu wa chama cha msingi cha ushirika ndiye aliyempa ukuta wa ghala. Alichotaka ni maneno ya kuhimiza kilimo cha pamba kwa herufi kubwa. Eulalia akamwambia maneno hayo kila mkulima anayajua, kinachokosekana ni wakulima wenyewe. Basi wakaitwa wanawake wakulima wa mtaani kwetu, waliokuwa na kikundi cha kupiga lipu nyumba, mama yangu akiwemo, na kila mmoja alikuja kukaa mbele yake akiwa amevaa kanga yake nzuri, akichorwa kwanza kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Wanaume walilalamika kwamba hawamo. Akamweka mmoja, nyuma kabisa, amelala juu ya robota.

Asubuhi wanawake walipiga lipu, mchana alichora, jioni kipande kimekauka. Doto alisaga rangi, mimi nilichuja ute baada ya vipindi. Eulalia alimchora mama yangu mwisho. Alimweka karibu na pembe, amekaa na bakuli mikononi, na kando yake akaacha nafasi tupu ya mtu mmoja, lipu nyeupe isiyo na kitu. Bakuli lilikuwa karibu na kifua, wala halijatolewa wala halijawekwa. Watu walibishana sana mbele ya ukuta ule. Wengine walisema mama anagawa, wengine walisema ananyima, na kwa nini pale kando pako wazi, rangi imekwisha? Nikamuuliza Eulalia.

"Paache," akasema. "Ukuta ukijaa wote, mgeni atakaa wapi?"

Mama alipoletwa kujiona, alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Akautazama uso wake, akalitazama bakuli, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Eulalia naye akacheka, akakaa chini kando yake, pale pale kwenye vumbi la pamba. Niliwauliza wanacheka nini, hakuna aliyenijibu, na mkalimani nikabaki nimesimama kama mlingoti.

Wadogo zangu, siku zile nilikuwa na furaha na sikujua. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo, kwamba kila mwaka ataletwa mtu na pikapu wa kukufungua macho. Hakuletwa mwingine.

Eulalia aliondoka baba yake alipougua huko kwao. Alisema atarudi. Tulimsindikiza mpaka stendi, na mama akamfungia matobolwa ya njiani kwenye kitambaa. Eulalia alinyoosha mkono wa kulia mara moja, bila kukumbushwa. Hapo ndipo mama alipoanza kulia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima kila akisikia gari nyuma yetu aligeuka.

Eulalia hakurudi. Miaka michache baadaye mama alilala kidogo baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Ndipo tulipogundua kwamba hatuna picha yake hata moja. Mpiga picha wa mjini alikuwa akija mtaani, na kila akija mama alikuwa na kazi shambani. Dada zangu walitoka Lalago wakitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Niliwachukua wote, kwa miguu, nikawapeleka kwenye ukuta wa ghala. Walisimama pale wakamlilia. Kuanzia siku hiyo sikupita pale bila kusalimia. "Mwangaluka, mayu," nilisema asubuhi kila nilipokwenda kazini, na nikishachelewa nilisema huku natembea.

Sasa biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na magari yao, chama cha msingi kikadhoofika mpaka katibu akawa anafuga kuku ofisini, na ghala likapangishwa kwa kampuni moja ambayo siitaji. Meneja wake alikuwa kijana mwenye heshima sana. Nilimwendea mara tu niliposikia kwamba ukuta unataka kupakwa rangi ya kampuni. Aliniwekea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia yule pale wa pembeni ni mama yangu, na kwamba sina uso wake mahali pengine popote duniani. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo tena, mwalimu. Lakini mimi natumwa." Mafundi wangetoka Mwanza, wangekwangua ile lipu ya chokaa yote, wapige saruji, wapake rangi.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kupika. Jioni akaja Doto. Alikuwa msichana mkubwa sasa, fundi wa mabango. Ruksa ile ile iliyoniletea balaa ndiyo iliyompa yeye kazi, maana kila duka, kila saluni na kila kioski cha soda kilitaka ukuta wenye maneno, na hakuna mkono ulioandika herufi nzuri Bariadi nzima kuliko ule wa kushoto wa Doto. Alipiga magoti akanisalimia, akakaa kwenye mkeka.

"Mwalimu, kazi ya ghala wamenipa mimi," akasema.

 Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Nimeiomba mwenyewe, nikawaambia sihitaji kukwangua, nitawafanyia haraka kuliko wa Mwanza. Nitapaka rangi ya mafuta juu ya chokaa, hivyo hivyo."

Tukatazamana. Hakuwa na haja ya kuendelea. Yale niliyoyaandika ubaoni, ambayo hayakuja kwenye mtihani, yeye alikuwa ameyanakili.

"Itachukua muda gani kutoka?" nikamuuliza.

"Sijui. Mvua zitasema. Lakini wakikwangua, hatarudi kabisa."

Nikamwambia apake. Nilikwenda kusimama pale siku aliyopaka. Alianzia upande wa mbali, na kila alipomkaribia mama mkono ulikwenda taratibu zaidi. Alipobaki uso peke yake alishuka kwenye ngazi, akaniuliza kama niko tayari. Nikasema bado. Akakaa chini akasubiri, na watu wa kampuni wakapiga kelele kwamba kazi imesimama, naye hakugeuka. Nilimtazama mama yangu mpaka nikaridhika kwamba nimemshika kichwani. Kisha nikasema sawa. Asubuhi yake pale palikuwa na ukuta wa kijani na jina la kampuni kwa herufi nyeupe, nzuri sana, zilizonyooka, na mimi nikapita nikasema "Mwangaluka, mayu" kwa ukuta wa kijani, na watoto waliokuwa nyuma yangu wakadhani mwalimu ameanza kuchanganyikiwa.

Katika kazi yetu watu husema habari za subira kana kwamba ni jambo tamu. Si tamu. Nilifundisha, nilisahihisha, nilizika, niliozesha, na kila msimu wa mvua ulipokwisha nilikwenda kuukagua ule ukuta kama daktari, nikipapasa na vidole. Uvimbe kidogo hapa, ufa kidogo pale. Kampuni ile ikafunga, ikaja nyingine, ikaondoka bila kupaka. Padri mmoja aliyepita akatuambia kwamba Eulalia amefariki huko kwao, muda tu, habari zimechelewa. Nilitoka ofisini nikaenda kukaa stoo kwenye mifagio. Nilimlilia mle ndani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kumlilia, na kwa sababu ukuta wake haukuwepo.

Mvua za mwaka mmoja zikapiga ule upande wa pembeni mfululizo. Asubuhi moja nikakuta magamba ya kijani chini, watoto wanayaokota na kuyavunja. Kwanza likatoka bakuli, vipande vya matobolwa vikiwa na rangi yake ile ile ya udongo wa mto. Siku zilizofuata ikatoka mikono, ikatoka kanga. Sikuusaidia ukuta hata kwa ukucha. Uso wa mama ulitoka siku ya Jumatatu nikiwa zamu, na nilichelewa gwaride, na mwanafunzi aliyetumwa kunitafuta alinikuta nimesimama mbele ya ghala nalia na kucheka.

Maana nilikuwa nimeona. Miaka yote ile nilipokuwa napita kila siku nilidhani mama anatazama pamba. Kumkosa kulinifundisha kumtazama. Macho yake hayakuwa kwenye pamba, wala hayakuwa kwenye uso wa mtu. Yalitazama chini kidogo, upande wa ile nafasi tupu, mahali ambapo mgeni aliyekaa angekuwa amenyoosha mkono. Na midomo alikuwa ameibana. Hakuwa anagawa wala hakuwa ananyima. Alikuwa anasubiri.

Mwaka jana, wakati wa kujiandaa kuniaga, diwani alisikia habari hizi akasema huyo mama wa Meksiko lazima aenziwe. Kikao kikapendekeza kibao cha chuma chenye jina, hotuba, na mbuzi. Mbuzi nilimuunga mkono. Lakini wale wanawake wa lipu waliobaki, ambao nyuso zao nazo mvua zilishazitoa na sasa wanatembelea fimbo, wakasema kibao cha nini, nafasi yake si ipo? Ameiacha mwenyewe. Doto akatoka Lamadi, ambako siku hizi anaandika majina ya nyumba za wageni na kuchora sangara kwenye milango ya vibanda. Pipa la chokaa nilikuwa bado nalo, nyuma ya nyumba yangu. Mipungate bado iko nyuma ya zahanati.

Asubuhi wajukuu wa wanawake wale wakapiga lipu. Mimi nilimchora Eulalia umbo, ule msuko mmoja, viatu vyake vya turubai vyenye madoa. Mkono nilimwachia Doto. Hapo mwenyekiti wa mtaa akaingilia, akasema kwa heshima zote, mgeni huyu achorwe akipokea kwa mkono wa kulia, watoto wasije wakajifunza utovu wa adabu ukutani. Watu wengine wakakubaliana naye. Mmoja wa wale vikongwe, aliyechorwa wa tatu kutoka kushoto, akainuka na fimbo yake.

"Huyo wa kulia simjui mimi," akasema. "Mchoreni Minza."

Doto akachovya brashi. Kwa mkono wake wa kushoto akauchora mkono wa kushoto wa mwalimu wake, umenyooshwa, vidole vimefunguka, ndani ya lipu mbichi, mahali hasa ambapo macho ya mama yalikuwa yametazama muda wote huo. Vikongwe wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye vumbi, mmoja baada ya mwingine, kisha nikaona kanga zinapandishwa kufuta macho.

Basi hizo ndizo kumbukumbu zangu za kazi. Mtoto wa kushoto mkimpata, muacheni aandike. Pipa la chokaa nitawaonyesha, na mtu akija na rangi yake ya mafuta, mwambieni ukuta huo una wenyewe. Mimi sasa ni mstaafu, sina kengele ya kuwahi, lakini asubuhi miguu bado inanipeleka kule. Nawasalimia wote wawili. Mama amelivuta bakuli kifuani anasubiri ule wa kulia, na Minza, kama kawaida yake, hana haraka ya kuutoa.